Mwalimu Onchiri na Jina la Boyokalo

Katika Kiogoro nzima, na pengine kutoka Kisii hadi Nyamira, hakuna aliyewahi kuwapenda Waampsivari isipokuwa Mwalimu Obadiah Onchiri. Hata huko kwao Ujerumani hawana wa kuwalilia. Lilikuwa kabila dogo mpakani mwa dola ya Kirumi, likaisha karibu miaka elfu mbili iliyopita, na hakubaki hata mmoja wa kudai urithi. Lakini Onchiri aliwapenda kupita kiasi, na Kemuma, binti wa watu wa Mosocho, alipoolewa na Onchiri alijikuta ameolewa na kabila zima.

Mapenzi hayo yalianzia chuo cha ualimu. Mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao alimwachia Onchiri viatu vilivyombana na kitabu kizee cha historia ya Warumi. Viatu alimpa binamu yake mdogo, Mogire. Kitabu alikisoma mpaka jalada likabanduka, na humo ndani, katika kurasa ambazo mtu mwingine angezipita bila kusimama, akakutana na Waampsivari wake.

Kisa chao ni kifupi. Walifukuzwa kwao na majirani wenye nguvu, wakahamia kando ya Mto Raini, kwenye ardhi ambayo jeshi la Kirumi liliiweka tupu, eti ya kulishia mifugo ya askari siku moja. Msemaji wao alikuwa mzee aitwaye Boyokalo, ambaye aliwatumikia Warumi kwa uaminifu maisha yake yote, hata akafungwa na Wajerumani wenzake kwa ajili hiyo. Akaenda kwa jemadari wa Kirumi kuwaombea watu wake: je, mifugo ipate nafasi na watu wakose? Jemadari akakataa. Kisha akamwambia mzee kwa faragha kwamba yeye mwenyewe, kwa sababu ya urafiki wa zamani, atapewa shamba. Boyokalo akalikataa. Aliliona ni ujira wa kuwauza watu wake, akarudi kwao mikono mitupu. Waampsivari wakatangatanga kutoka kabila hadi kabila, wakifukuzwa kila mahali, mpaka wakaisha.

Hicho ndicho alichokifundisha Onchiri kila mwaka, kiwe kwenye silabasi kisiwe. Hakikuwa kwenye silabasi. Mtihani haukuwahi kuuliza neno moja juu ya Waampsivari, wala hautauliza mpaka kiama. Mkaguzi wa shule alimwonya, na Onchiri akamhesabu mkaguzi kuwa mbumbumbu. Alipofika pale Boyokalo anapokataa shamba, mwalimu huyu mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa makalioni alipanda juu ya kiti, machozi yakamlengalenga. Wanafunzi waliyangoja machozi hayo kwa hamu kuliko kengele ya chakula. Walimbandika jina la Mjerumani, na yeye akadhani ni sifa.

Nyumbani nako aliwasimulia wazee waliokuja kunywa chai. Mmoja wao, baada ya kusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, aliuliza kama hao si wale watu walioko upande wa Majoge, maana aliwahi kununua fahali kwao.

Haya yote Kemuma aliyavumilia. Wanawake wenzake walikuwa na waume walevi, yeye akawa na Mjerumani, basi. Lakini mwaka 1960 alijifungua mtoto wa kiume, wa kwanza, na wazimu ukavuka mipaka. Baba yake Onchiri, mzee Ogari, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwa Wagusii jambo hili halina mjadala: aliyekufa hurudi kwa jina. Mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, na jina haliji peke yake, huja na mwenyewe, pamoja na hasira zake, ukaidi wake na hata namna yake ya kukaa kitini. Bosibori, mamake Onchiri, alikuwa amekwisha kujiandaa kumpokea Ogari wake tena. Onchiri akasimama mbele ya ukoo, akakohoa kimwalimu, akatangaza kwamba mtoto ataitwa Boyokalo.

"Huyo ni nani wetu?" Bosibori aliuliza.

"Si wetu, mama. Ni mtu aliyekuwa mwaminifu kwa watu wake."

"Alifia wapi?"

"Ujerumani."

"Na huko kwao wanawake hawazai, mpaka aje kuzaliwa kwangu?"

Onchiri akaeleza, tena kwa furaha, kwamba ndivyo hasa, watu wake waliisha wote. Bosibori alishika kichwa kwa mikono miwili. Kumkaribisha ndani maiti asiye na kwao, na kumwacha mwenye nyumba amesimama nje! Hata mzee wa kanisa, Msabato aliyeijua Biblia nje ndani, alimtafuta Boyokalo kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo akamkosa. Mtoto akaombewa vivyo hivyo. Tangu siku ile Bosibori hakulitamka jina hilo. Alimwita mjukuu wake Ogari, na Onchiri alimsahihisha kila mara kama anavyosahihisha insha, na kila mara alikuwa anatwanga maji kinuni.

Sasa, kilima cha ukoo wa Ogari pale Kiogoro kilikuwa kimejaa pomoni. Mashamba yalikuwa yamegawanywa kwa ndugu, kisha kwa wana wa ndugu, hata mgomba wa mtu ukianguka kwa upepo ulilala kwa jirani, na hapo ugomvi ukazuka juu ya mkungu. Upande wa Sotik, mpakani kati ya Wagusii na Wakipsigis, wakoloni walikuwa wameweka mashamba ya wazungu katikati kama ua wa kuwatenganisha watu. Nyasi tupu hadi macho yanapochoka, na ng'ombe wa maziwa wakitembea humo kama wako matembezini. Uhuru ulipokuja, mashamba hayo yakaanza kukatwa vipande ili watu wapate kuishi.

Mwaka 1964 jamaa wa kilima wakakubaliana kwenda kuomba sehemu moja kwa pamoja, ukoo mzima, wajane wao wakiwemo. Wakipata, watakaa pamoja kama zamani. Wakikosa, kila mmoja atashika njia yake na ukoo utakwisha, hilo walilijua wote. Walimchagua nani awe msemaji? Onchiri, bila shaka. Enzi za mkoloni alikuwa mkalimani wa baraza, na wazungu walimpenda kwa sababu alitafsiri matusi ya wananchi yakawa maombi. Yeye mwenyewe alikuwa karibu kupasuka kwa furaha. Wiki nzima alizunguka nyumbani akifanya mazoezi ya Kiingereza mbele ya mbuzi. "Kemuma," alisema, "hii ndiyo Raini yetu."

Ofisa aliyekuwa akishughulikia vipande hivyo alikuwa mzungu aliyebaki baada ya bendera kushushwa, na alimfahamu Onchiri tangu siku za baraza. Wazee wakasimama nyuma, kofia mikononi. Onchiri akanena. Akauliza, kwa Kiingereza kilichonyooka kama reli, iweje ng'ombe wapate nafasi na watu wakose. Ofisa akatikisa kichwa kwa kupendezwa, akasema hotuba ni nzuri sana, na jibu ni hapana. Maombi ya ukoo mzima hayapokelewi. Wazee wakaombwa watoke nje.

"Wewe baki, Mwalimu," ofisa akasema.

Mlango ulipofungwa, ofisa akamwambia kwamba kwa ajili ya utumishi wake wa zamani kuna kipande kizuri, chenye chemchemi na nyumba ya mabati ya mnyapara aliyehama, nacho kinaweza kuwa chake, yeye peke yake. Hapa ndipo kila mtu aliyepitia darasa la Onchiri angetazamia apande kiti. Viti vilikuwepo. Onchiri alikikalia kimojawapo. Akasema asante bwana, akarudia tena, mzungu asije akawa hakusikia.

Alitoka nje na uso ulioanguka. "Tumekataliwa," akawaambia wazee. Hakuwadanganya, ndivyo atakavyokwambia hata leo. Wazee walimpiga mabegani kumfariji, wakamsifu jinsi alivyopambana, na mmoja akambebea koti njia nzima.

Jioni hiyo Kemuma alikuwa jikoni akimenya ndizi mbichi. Onchiri akachuchumaa karibu na meko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Kemuma akaacha kumenya. Alikijua kisa cha Boyokalo kuliko mkaguzi yeyote wa shule, na alijua neno lililopaswa kusemwa pale. Lilikuwa tayari mdomoni. Halafu akaona shamba pana, kijani, lisilo na mgomba wa jirani hata mmoja.

"Hiyo chemchemi iko mbali na nyumba?" akauliza.

Basi naye asijifanye malaika. Tangu hapo kila alipomdharau mumewe, na alimdharau vizuri sana, alijua kwamba sehemu ya dharau ile ni yake mwenyewe.

Jamaa waligundua siku lori lilipokuja, dereva alipotaja linakoenda. Mpaka vitanda vinapakiwa, wengine walidhani Mwalimu amehamishiwa shule ya mbali. Mogire, yule binamu aliyepewa viatu, alikuwa amekaa darasani kwa Onchiri na kuyaona machozi ya kwenye kiti. Alisogea hadi kwenye lori.

"Mwalimu," akasema, "si Boyokalo alikataa?"

"Mambo ya kale hayo, Mogire. Panda juu unikazie hiyo kamba."

Na Mogire, kwa kuwa alilelewa vizuri, alipanda akaikaza. Bosibori hakupanda. Mumewe alikuwa amezikwa upande wa kulia wa nyumba pale kilimani, na yeye hakuwa na habari na chemchemi ya mtu. Alimbusu mjukuu wake, akamwambia, "Nenda, Ogari, utarudi," na Onchiri akaona aibu kumsahihisha mbele za watu.

Kilichofuata ni kile kile kilichokuwa kitabuni, ungedhani mtu alikuwa akikinakili. Ndugu mmoja akaenda kuchuma chai Kericho, akakaa huko hadi wanawe wakasahau Ekegusii. Wengine wakanunua ardhi mbali, mwenyewe akatokea na panga, wakahama; wakanunua kwingine, wakahama tena. Mjane Nyanchera akarudi kwa kaka zake, nako akahesabiwa kila tonge. Mogire akaangukia soko la Daraja Mbili, akiuza nguo kuukuu juu ya gunia. Kilimani akabaki Bosibori na wachache waliokosa nauli ya kutangatanga.

Onchiri alinawiri. Alipanda chai na pareto, akafuga ng'ombe wa gredi, wa mbegu ya kizungu, waliokuwa na nafasi tele, akanenepa shingo. Alifundisha shule mpya ya huko kwenye skimu, ndivyo walivyoyaita mashamba yale yaliyokatwa vipande, na bado aliwafundisha Waampsivari wake, maana penzi kama hilo halina mwisho. Ila sasa kisa kilikuwa kimepunguzwa. Boyokalo alienda kwa jemadari, jemadari akakataa, watu wakatangatanga, wakaisha, maswali yapo? Hakuna kiti, hakuna machozi. Kijana wake mwenyewe, aliyekaa dawati la mbele na jina lile la ajabu, aliwahi kuuliza yule mzee aliishia wapi.

"Alizeeka," Onchiri akajibu. "Toeni daftari za hesabu."

Boyokalo alikuwa mtoto mpole lakini akishika jambo haachi. Likizo alizimaliza Kiogoro kwa nyanya yake, akichimba, akipalilia migomba iliyozeeka, akiitwa Ogari kutwa. Akirudi skimu alikuwa Boyokalo tena. Hakulalamika. Kemuma alimtazama akila, na mara nyingi alijiuliza ni nani hasa aliyemzaa.

Mwaka 1978 kijana alimaliza Kidato cha Nne. Mamake akampa pesa akanunue suruali Daraja Mbili. Kule sokoni mtu mmoja mwembamba akampigia kelele kwa Kiswahili, akidhani ni mgeni kwa jinsi alivyonyoosha nywele.

"Kijana, kuja! Iko suruali mzuri hapa, ya Mzungu kabisa! Jina yako nani, nikupatie bei ya rafiki?"

"Boyokalo."

Yule mtu aliiacha suruali ikaanguka juu ya gunia. Alikuwa Mogire. Akabadili lugha papo hapo, akaingia Ekegusii. "Boyokalo wa Onchiri. Basi keti hapa. Hicho kisa chako unakijua mpaka mwisho?"

Kijana akakisimulia kama alivyofundishwa. Mogire akamsikiliza, akacheka kicheko kibaya, kisha akampa kipande kilichokatwa. Akampa na cha ofisi ya mzungu, na cha lori, na cha kamba. Wateja walikuja wakaenda bila kuhudumiwa. Kijana alirudi nyumbani bila suruali.

Haikupita muda Onchiri akaita majirani na mzee wa kanisa. Mtoto amekuwa mtu mzima, anaonyeshwa mahali pa kujenga nyumba yake, ndiyo desturi. Alikwisha kupachagua, juu ya chemchemi, akachomeka vigingi pembe zote. Alihutubu kama kawaida yake. Alisema ardhi hii ni jasho lake, ni uaminifu wake uliotuzwa, na leo anamkabidhi mwanawe sehemu. Kemuma alikuwa amebeba birika la chai. Alimwona kijana akiinama, akang'oa kigingi cha karibu, akampa baba yake kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa.

"Asante, tata," akasema, kwa maana ndivyo wanavyowaita baba zao, kama nyanya wanavyomwita magokoro. "Sitajenga hapa. Nitajenga Kiogoro kwa magokoro."

"Kiogoro? Utajenga juu ya nini, juu ya mgomba? Kule hakuna ardhi!"

"Najua. Mwenye jina langu naye hakuwa nayo, na alikataa."

Majirani hawakuelewa kitu. Onchiri alielewa, uso ukamwiva. Mwalimu ndani yake akawahi kutoka kabla ya baba. "Na watu wake walipata nini? Eh? Waliisha wote! Alikataa, nao wakafa vile vile. Mimi nimekubali, na wewe umeshiba, umesoma, umevaa. Ningekataa, ni nani angepona?"

Yalikuwa maneno yenye akili, na Kemuma, aliyeishiba ardhi hiyo miaka yote, alingoja aone mwanawe atayajibu vipi.

"Huenda hakuna," Boyokalo akasema. "Lakini ungeweza kuwaambia wazee, wakachagua wao. Na kisha ungenibadilishia jina, ukanipa la jemadari. Hukunipa la jemadari."

Onchiri akabaki na kigingi mkononi. Mzee wa kanisa akauliza jemadari gani. Chai ikapoa ndani ya birika.

Kijana aliondoka siku hiyo hiyo na sanduku lake la shule. Onchiri akatangaza kwamba atarudi kabla ya mahindi kubeba. Mahindi yakabeba, yakakomaa, yakavunwa. Kemuma akachukua kibuyu cha maziwa, akamfuata Kiogoro, ingawa hakukanyaga kilima kile kwa raha tangu siku ya lori. Akakuta nyumba ndogo ya udongo imesimama kando ya nyumba ya Bosibori, karibu na kaburi la mzee Ogari. Mogire alikuwa juu ya paa akifunga nyasi, kwa kamba. Mjane Nyanchera alikuwa amerudi, akipika uani. Ardhi ilikuwa ile ile ya upana wa mkeka, na watu wake walikuwa wameanza kuongezeka juu yake, jambo la kijinga kwa hesabu yoyote unayoijua.

Bosibori, mkongwe sasa, akatokeza kichwa mlangoni.

"Boyokalo!" akaita. "Toka huko nyuma ya nyumba, mama yako amekuja."

Kemuma karibu adondoshe kibuyu. "Mama, leo humwiti Ogari?"

"Nilikuwa sijajua ni nani aliyekuja," Bosibori akasema. "Sasa namjua. Ogari wangu alikuwa mtu mzuri, lakini angelichukua lile shamba."

Kemuma alirudi skimu akiwa na kibuyu kitupu. Onchiri alikuwa mezani akisahihisha madaftari, miwani puani. Kwa miaka kumi na minane mtu huyu alibishana na mamake mzazi ili alitamke jina hilo mara moja tu. Kemuma akasimama mbele yake, bila kuketi, akampa habari njema: mama amelitamka, tena kwa sauti, na kilima kizima kinamwita kijana hivyo hivyo, Boyokalo.

Onchiri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwambie mama asiliharibu jina la mtoto," akasema. "Anaitwa Ogari."